Maua madogo ya njano ya majira ya kuchipua

Maua madogo ya njano ya majira ya kuchipua ni mimea ya porini inayotoa maua ya rangi ya njano kati ya mwisho wa majira ya baridi na mwanzo wa majira ya joto katika nchi zenye majira manne, hasa Ulaya na mashariki mwa Amerika Kaskazini. Kundi hili si la kitaksonomia. Mimea yake ni ya familia mbalimbali kama Ranunculaceae, Asteraceae, Primulaceae na Liliaceae, na inafanana kwa rangi, udogo na wakati wa kuchanua tu.

Kwa sababu ya kufanana huko, mimea hii huchanganywa mara kwa mara. Picha ya ua moja iliyopigwa kutoka juu mara nyingi haitoshi kutaja spishi, kwa kuwa alama za kutofautisha ziko nyuma ya ua, kwenye majani, kwenye shina au chini ya ardhi. Kosa la utambuzi linaweza kuwa na madhara: baadhi ya mimea hii ina sumu, mingine ni spishi vamizi, na mingine ni spishi asilia inayong'olewa kwa kudhaniwa kuwa vamizi.

## Majira ya kuchipua na mwanga wa msituni

Katika maeneo ya ikweta mwaka hugawanywa zaidi na mvua kuliko na joto. Katika Ulaya ya kati na ya kaskazini, miti mingi hupukutisha majani kabla ya majira ya baridi na kubaki mitupu hadi Aprili au Mei. Katika wiki chache kati ya kuyeyuka kwa barafu na kuchipua kwa majani ya miti, mwanga wa jua hufika hadi kwenye udongo wa msitu. Mimea midogo hutumia nafasi hiyo kutoa majani, maua na mbegu haraka.

Baadhi ya mimea hiyo hutoweka juu ya ardhi mara kivuli kinaporudi. Ficaria verna, kwa mfano, huanza kutoa majani wakati wa baridi, huchanua hasa kati ya Machi na Mei, na kufikia Juni majani yake huwa yamekauka. Sehemu inayobaki ni viazi vidogo chini ya ardhi vinavyohifadhi chakula hadi msimu unaofuata. Hivyo muda wa kuutambua na kuupiga picha ni mfupi. Anayechelewa wiki chache hukuta majani ya kimanjano yaliyolala, au udongo mtupu.

Wadudu wa kwanza wa mwaka hutegemea maua haya. Malkia wa nyuki-bambi wanaotoka mafichoni, nyuki wapweke na aina kadhaa za nzi hupata humo chavua na mbochi wakati mimea mingine bado haijachanua.

## Sehemu zinazotumika katika utambuzi

Ua kamili huwa na sepali, ambazo kwa kawaida ni za kijani na hufunika tumba. Petali zenye rangi. Stameni zinazotoa chavua. Na pistili moja au zaidi zinazokuwa tunda. Katika mimea ya njano ya majira ya kuchipua mpangilio huu una tofauti nyingi, na tofauti hizo ndizo ufunguo wa utambuzi. Maswali yafuatayo hutenganisha spishi nyingi:

* Je, kinachoonekana kama ua ni ua moja, au ni kichwa chenye maua mengi madogo sana yaliyobanana?
* Petali ni ngapi, na je, zinang'aa kama zilizopakwa vanishi?
* Nyuma ya ua kuna sepali ngapi? Zimeshikamana na petali, au zimekunjwa kuelekea chini?
* Ua limebebwa na bua lenye majani, lenye magamba, au lisilo na kitu?
* Majani yana umbo gani, na yanatoka wapi? Je, yalikuwepo wakati wa kuchanua?
* Mmea umeota majini, kwenye kinamasi, msituni, kwenye nyasi au kwenye udongo uliofukuliwa?

Rangi yenyewe husaidia kidogo tu. Njano ya kamera hubadilika kulingana na mwanga, na petali za spishi moja zinaweza kufifia kadiri zinavyozeeka. Petali za Ficaria verna huanza na njano kali na mara nyingi huishia kuwa nyeupe.

## Spishi zinazochanganywa

### Ranunculaceae

Familia hii ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu ina spishi nyingi za njano zinazochanua kwa wakati mmoja.

*Ficaria verna*, ambayo zamani iliitwa *Ranunculus ficaria*, ni mmea mfupi wenye majani ya kijani kilichoiva yaliyo na umbo la moyo. Ua lina upana wa sentimita 2 hadi 3 hivi na petali nyembamba zinazong'aa, mara nyingi nane, lakini huweza kuwa saba hadi kumi na mbili. Nyuma ya ua kuna sepali, kwa kawaida tatu tu. Mizizi ina viazi vidogo vyenye umbo la rungu. Baadhi ya nususpishi hutoa pia vichipukizi vidogo kama punje mahali ambapo kikonyo cha jani hukutana na shina. Kila punje inaweza kuwa mmea mpya.

*Caltha palustris* huota kwenye vinamasi, kingo za vijito na mitaro yenye maji. Ni mmea mkubwa zaidi, wenye mashina manene yenye uwazi ndani na majani ya mviringo au yenye umbo la figo. Hauna petali. Sehemu za njano, kwa kawaida tano, ni sepali zilizochukua kazi ya petali. Kwa hiyo ukiligeuza ua hukuti sepali za kijani nyuma yake. Hauna viazi wala punje za uzazi.

*Eranthis hyemalis* ni wa mapema zaidi, na unaweza kuchanua tangu Januari. Asili yake ni kusini mwa Ulaya, lakini umepandwa na kuenea katika bustani na misitu ya nchi nyingine. Alama yake ni kola ya majani ya kijani yaliyochanika, inayozunguka bua moja kwa moja chini ya ua. Sehemu zake za njano, mara nyingi sita, nazo ni sepali. Petali zake zimegeuka kuwa vikombe vidogo vya mbochi.

*Anemone ranunculoides* huota katika misitu ya bara la Ulaya. Bua lake hubeba majani matatu yaliyogawanyika, yaliyopangwa kwa mduara chini ya ua moja au mawili yenye sehemu tano au zaidi za njano.

Jenasi *Ranunculus* yenyewe ina spishi zenye petali tano zinazong'aa na sepali tano. Tatu zilizo za kawaida katika malisho ya Ulaya haziwezi kutofautishwa kwa picha ya juu, lakini ni rahisi zikiangaliwa kutoka chini. Katika *Ranunculus bulbosus* sepali zimekunjwa kuelekea chini hadi kugusa bua, na kitako cha shina kimevimba chini ya udongo. Katika *Ranunculus repens* sepali hazijakunjwa hivyo, bua la ua lina mifereji, na mmea hutambaa kwa matawi yanayotoa mizizi. *Ranunculus acris* ni mrefu zaidi, una bua la ua lisilo na mifereji, wala hautambai.

### Asteraceae

Katika familia hii "ua" ni kichwa chenye makumi ya maua madogo. *Tussilago farfara* huchanua kati ya Februari na Aprili kabla ya majani yake kutokea. Bua lake halina majani ya kawaida bali limefunikwa na magamba ya kijani au zambarau. Kichwa kina maua ya katikati yenye umbo la mrija, yaliyozungukwa na maua mengi membamba kama nyuzi. Majani makubwa, yenye manyoya meupe chini, huja baadaye, na hapo ua huwa limeshatoweka. Mtu anayeona ua na majani kwa nyakati tofauti anaweza kudhani ni mimea miwili.

*Taraxacum* hutofautiana na *Tussilago* kwa mambo matatu: bua ni laini, tupu ndani na hutoa utomvu mweupe, majani yenye meno yako chini kwa mduara wakati wa kuchanua, na maua yote ya kichwa yana umbo la ulimi, bila mirija katikati.

### Primulaceae

*Primula vulgaris* ina maua ya njano hafifu yenye upana wa sentimita 3 hivi, kila moja kwenye bua lake, yakitoka katikati ya majani yenye mikunjo. *Primula veris* hubeba maua mengi madogo, ya njano iliyokolea na yenye madoa ya rangi ya chungwa, yakiinama kutoka juu ya bua moja. Spishi hizi mbili zinapokaribiana huzaa chotara chenye bua moja la maua mengi lakini petali pana. Chotara hicho huchanganywa na *Primula elatior*, spishi ya tatu yenye maua ya njano hafifu yanayoelekea upande mmoja.

Picha ya karibu ya *Primula* huonyesha jambo jingine. Katika mimea mingine stigma huonekana kwenye mdomo wa ua kama kichwa cha pini, na katika mingine huonekana stameni. Hizi si spishi mbili. Charles Darwin alieleza mwaka 1862 kwamba ni maumbo mawili ya spishi moja, yanayosaidia mmea kuchavushwa na mmea wa umbo jingine.

### Maua ya sehemu sita

Maua ya njano yenye sehemu sita zinazolingana, kwenye mmea wenye majani yasiyo na mishipa ya mtandao, kwa kawaida ni ya kundi la monokoti. *Gagea lutea* wa misitu ya Ulaya ana mstari wa kijani nyuma ya kila sehemu na jani moja refu kutoka ardhini. *Erythronium americanum* wa mashariki mwa Amerika Kaskazini ana ua moja linaloinama na majani yenye mabaka ya kahawia.

## Madhara ya makosa

Mfano ulio wazi zaidi uko mashariki mwa Marekani. *Ficaria verna* ililetwa huko kutoka Ulaya kama ua la bustani, ikatoroka na kuenea hasa kwenye mabonde ya mito, ambako mafuriko hubeba viazi na punje zake. Hutandika ardhi kama zulia mapema kuliko mimea asilia, kama *Erythronium americanum*, ambayo inahitaji mwanga uleule wa wiki chache. Kwa sababu hiyo wasimamizi wa hifadhi hujaribu kuidhibiti, kwa mfano katika hifadhi ya Rock Creek mjini Washington, D.C.

Tatizo ni kwamba *Caltha palustris* ni asilia katika eneo hilohilo, huota kwenye udongo wenye maji sawa na huo, na huchanua katika majira hayohayo. Mtu wa kujitolea anayefahamu tu "ua la njano linalong'aa kando ya kijito" anaweza kung'oa mmea asilia, au kuuacha mvamizi akidhani ni mmea wa kulindwa. Dawa ya kuua magugu hutumiwa mapema iwezekanavyo, kabla mimea asilia haijachomoza. Hivyo uamuzi hufanywa mara nyingi kwa kuangalia majani kabla ya ua kuonekana. Viazi, punje na sepali za nyuma humaliza ubishi. Picha ya petali pekee haimalizi.

Madhara mengine yanahusu afya. Mimea ya Ranunculaceae, ikiwa mibichi, hutoa protoanemonini, sumu inayounguza ngozi, mdomo na tumbo. Hata hivyo *Ficaria verna* huitwa kwa Kijerumani *Scharbockskraut*, yaani mmea wa kiseyeye, kwa kuwa zamani majani yake machanga yaliliwa kabla ya maua kutokea ili kupata vitamini C baada ya majira ya baridi. *Tussilago* nayo ilipata jina lake kutokana na neno la Kilatini la kikohozi, *tussis*, lakini ina alkaloidi za pirolizidini zinazodhuru ini. Utambuzi kwa picha hautoshi kuamua kwamba mmea unaweza kuliwa au kutumiwa kama dawa.

Kosa jingine limechongwa kwenye jiwe. Mshairi Mwingereza William Wordsworth (1770–1850) alilipenda ua la *Ficaria verna* na kulitungia mashairi. Kwenye kumbukumbu yake katika kanisa la Grasmere ilikusudiwa kuchongwa picha ya ua hilo, lakini inaelezwa kuwa mchongo unaonyesha *Chelidonium majus*. Mmea huu ni wa familia Papaveraceae, una petali nne na utomvu wa rangi ya chungwa, na hauna undugu wa karibu na *Ficaria*. Chanzo cha mkanganyiko ni jina: kwa Kiingereza mimea yote miwili huitwa *celandine*. Ndiyo sababu wanabotania hutumia majina ya kisayansi.

## Kupiga picha kwa ajili ya utambuzi

Picha ya utambuzi ni tofauti na picha ya urembo. Lengo lake ni kumwezesha mtu ambaye hakuwepo kuyajibu maswali ya utambuzi. Kwa mmea mmoja mfululizo mfupi wa picha hutosha:

1. Mmea mzima pamoja na mahali ulipoota.
2. Ua kutoka juu, ili petali na stameni zihesabike.
3. Ua kutoka pembeni na kutoka chini, ili sepali na bua vionekane.
4. Jani, upande wa juu na wa chini, pamoja na kikonyo chake.
5. Tumba, tunda au mbegu, kama vipo.
6. Kitu cha kupimia ukubwa, kama rula au sarafu, katika picha mojawapo.

Kuona upande wa chini wa ua hakuhitaji kulichuma. Linaweza kuinamishwa taratibu kwa kidole, au kioo kidogo kikawekwa chini yake. Mimea mingi hukua kwa makundi ya spishi zilizochanganyika, kwa hiyo mpiga picha afuate bua hadi kwenye udongo ili kuhakikisha kwamba jani analolipiga ni la ua lilelile.

### Tatizo la rangi ya njano

Katika picha ya dijiti rangi ya njano hutokana na mwanga mwingi wa nyekundu na kijani na mwanga mdogo sana wa buluu. Kipima mwanga cha kamera huangalia eneo zima. Ua dogo likiwa katikati ya majani ya giza, kamera huongeza mwanga ili majani yaonekane, na petali hupitiliza. Chaneli ya nyekundu hujaa kwanza, kisha mishipa na mikunjo ya petali hupotea, na ua huwa bapa kama karatasi iliyokatwa. Maelezo yaliyopotea namna hii hayarudishwi kwa programu ya kuhariri.

Kinga ni kupunguza mwanga wa picha kwa theluthi moja hadi hatua moja nzima, kisha kuangalia histogramu. Ifaayo ni histogramu inayoonyesha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, kwa kuwa ile ya mwangaza wa jumla inaweza kuonekana salama huku nyekundu imejaa. Kuhifadhi picha kama faili ghafi kunatoa nafasi kubwa zaidi ya kurekebisha rangi baadaye.

Petali za *Ranunculus* na *Ficaria* zina ugumu wa ziada. Ngozi ya juu ya petali ni laini mno na ina rangi ya njano. Chini yake kuna nafasi ya hewa, kisha tabaka la seli zenye wanga linalorudisha mwanga. Ndiyo sababu petali hung'aa kama kioo, na jua kali huacha madoa meupe juu yake. Siku ya mawingu mepesi inafaa zaidi. Jua likiwa kali, kitambaa cheupe chepesi au karatasi inayopitisha mwanga ikishikwa kati ya jua na ua hulainisha mwanga. Kichujio cha polaraizi nacho hupunguza mng'ao, ingawa ni vema kubaki na picha moja yenye mng'ao, kwa sababu mng'ao wenyewe ni alama ya utambuzi.

### Wakati wa siku

Mawingu mazito yana kasoro yake: maua ya *Ficaria*, *Tussilago* na *Taraxacum* hufunga usiku, na hujifunga pia hali ya hewa inapokuwa mbaya. Carolus Linnaeus alitumia tabia hii ya maua mwaka 1751 alipopendekeza "saa ya maua", yaani kujua muda kwa kuangalia maua yapi yamefunguka. Kwa mpiga picha, muda mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ua lililofunga si hasara kabisa, kwa kuwa ndipo sepali za nje huonekana vizuri zaidi.

### Fokasi, kimo na upepo

Kadiri kamera inavyosogea karibu, ndivyo eneo lililo wazi katika picha linavyopungua. Kwa lenzi ya makro, ua likipigwa kwa ukubwa wake halisi kwenye sensa na uwazi wa f/8, eneo hilo lina kina cha takriban milimita moja au pungufu. Uwazi wa f/8 hadi f/11 ni maafikiano ya kawaida, kwani uwazi mdogo mno hulainisha picha nzima kutokana na kupinda kwa mwanga. Njia nyingine ni kupiga picha kadhaa, kila moja ikiwa na fokasi mahali tofauti, na kuziunganisha kwa programu. Kwa utambuzi, hata hivyo, picha tatu za kawaida kutoka pande tatu huwa na faida zaidi kuliko moja iliyounganishwa kwa ustadi.

Mingi ya mimea hii ni mifupi. Picha inayopigwa mtu akiwa amesimama huonyesha vidoto vya njano. Kamera ikishushwa hadi kimo cha ua, bua, magamba na sepali huonekana, na mandhari ya nyuma hutulia. Kifuko cha maharagwe kilichowekwa ardhini hushika kamera vizuri kuliko stendi ndefu ya miguu mitatu. Upepo mdogo hutosha kuharibu picha ya karibu, kwa hiyo kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde au zaidi husaidia, pamoja na subira hadi ua litulie.

### Simu

Simu janja zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Katika simu nyingi, kubonyeza kwa muda mrefu juu ya ua kwenye skrini hufunga fokasi na mwanga, na kisha mwanga unaweza kupunguzwa kwa kuburuta kidole. Kamera ya simu ikishindwa kupata fokasi kwenye ua dogo, kiganja huwekwa nyuma ya ua ili fokasi isikimbilie majani ya mbali. Hali ya "picha ya mtu", ambayo hutia ukungu wa kubuni nyuma ya kitu, haifai, kwa kuwa mara nyingi hufuta kingo za petali na mabua membamba.

## Kuwasilisha kumbukumbu

Picha huwa na thamani ya kisayansi ikiwa na tarehe na mahali. Kamera na simu nyingi huandika taarifa hizo ndani ya faili, lakini programu za kutuma ujumbe mara nyingi huziondoa, hivyo ni vema kutunza faili la asili.

Mfumo wa iNaturalist, ulioanzishwa mwaka 2008, na ule wa Pl@ntNet wenye asili ya Ufaransa hupokea picha za mimea na kupendekeza majina kwa kompyuta. Pl@ntNet humtaka mtumiaji aonyeshe kama picha ni ya ua, jani, tunda au sehemu nyingine. Katika iNaturalist, kumbukumbu hupandishwa hadi daraja la utafiti ikiwa na picha, tarehe na mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakikubaliana juu ya spishi. Pendekezo la kompyuta ni mwanzo wa utambuzi tu. Likipewa picha ya petali za njano pekee, hukosea palepale ambapo binadamu hukosea.

## Sheria na uangalifu

Nchini Uingereza, sheria ya wanyamapori na mashamba ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila idhini ya mwenye ardhi, na spishi adimu zina ulinzi mkali zaidi. Nchi nyingi za Ulaya zina orodha zao za mimea inayolindwa. Kupiga picha hakuhitaji kung'oa, lakini mpiga picha anaweza kuharibu kwa magoti na viwiko. Mimea ambayo bado haijachomoza iko chini ya majani makavu yanayokanyagwa, na *Erythronium* iliyovunjwa jani hupoteza chakula cha mwaka mzima, kwa kuwa kila mmea una jani moja au mawili tu. Majani makavu yanayoondolewa ili kusafisha picha hurudishwa mahali pake. Baada ya kulala kwenye nyasi ni muhimu kukagua nguo na ngozi, kwa sababu kupe wa Ulaya na Amerika Kaskazini hueneza ugonjwa wa Lyme.

## Afrika ya Mashariki

Spishi zilizotajwa hapo juu si za Afrika ya Mashariki, na majira ya kuchipua hayapo huko kwa maana hiyo. Hata hivyo jenasi *Ranunculus* ipo: *Ranunculus multifidus*, yenye petali tano za njano zinazong'aa, huota kwenye sehemu zenye unyevu za nyanda za juu, zikiwemo za Kenya na Tanzania. Kanuni za kuitambua na kuipiga picha ni zilezile: kuhesabu petali, kugeuza ua ili kuona sepali, kuonyesha jani na shina, na kupunguza mwanga ili njano isipotee.